Nimekatwa kansa ya ngozi mkononi: daktari nampa kumi, benchi la nje sifuri

Nianze na lile ambalo kila mtu ananiuliza: inauma? Kukatwa hakuumi. Kinachouma ni sindano ya ganzi, na inauma haswa, maana nyuma ya kiganja hakuna nyama ya kuipokea. Dawa ikiingia unasikia moto unatambaa hadi kwenye vifundo vya vidole. Lakini ni muda mfupi. Baada ya hapo unasikia unavutwa, unabonyezwa, vyuma vinagongana kwenye sinia, basi. Mimi nilikuwa macho mwanzo mpaka mwisho, nimegeuza uso ukutani, nabishana na nesi juu ya bei ya mchele wa Kyela.

Jina la hospitali siliandiki, kwa sababu humu kuna sifa na kuna lawama, na bado nina kadi yao na nitarudi. Ni hospitali kubwa ya hapa Dar, inatosha.

Mimi ni mwanamke mwenye ualbino, wakala wa pesa za simu huku Mbagala. Kibanda changu kina dirisha dogo linalotazama magharibi. Kutwa nzima nipo ndani kivulini, kichwani mtandio, usoni losheni ya kuzuia jua. Kinachotoka nje ni mkono wa kulia: unapokea noti, unarudisha chenji, unapokea tena. Kuanzia saa nane mchana jua linalipiga lile dirisha sawasawa. Na losheni mkononi haikai. Noti zinaifuta, jasho linaifuta, udhu wa adhuhuri unaimaliza. Tunasisitiziwa kofia, na ni haki, maana kwetu sisi vidonda vingi hutokea usoni, masikioni, mdomoni na shingoni. Ila ukifanya kazi ya dirishani, mkono ndio unaoota jua kwa niaba yako.

Kilianza kigamba kidogo, kikavu, karibu na kifundo cha kidole cha shahada. Kinabanduka, kinarudi. Kisha kikawa kigumu, kikainuka, katikati kikabonyea, na nikigonga kwenye fremu ya dirisha kinatoa damu. Duka la dawa moja la mtaani liliniuzia mrija wa krimu ya fangasi. Ulipoisha wakaniuzia mwingine, safari hii wakasema ni mzio. Hakuna aliyeushika mkono na kuutazama, wote waliutazama kwa mbali wakiwa nyuma ya kaunta. Aliyeushika ni mama mmoja kwenye mkutano wa chama chetu cha watu wenye ualbino. Yeye mwenyewe ameshakatwa sikioni. Akaugeuza mkono kwenye mwanga, akasema: "Mdogo wangu, hiki si cha duka la dawa. Kidonda kikipitisha mwezi hakijafunga, unakwenda kukatwa kinyama kipimwe."

Sasa huduma yenyewe. Kliniki ya ngozi ina siku yake maalumu, na siku hiyo nusu ya wagonjwa ni sisi wenye ualbino. Mahali pa kusubiria ni benchi refu la zege kwenye kibaraza kisicho na paa la kutosha. Asubuhi pana kivuli kizuri. Ikifika saa nne jua linaanza kuingia kutoka upande mmoja, na wagonjwa wa kansa ya ngozi mnaanza kusogea, mnabanana, mnasogea tena, mpaka wa mwisho anasimama. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndipo mionzi inapokuwa mikali zaidi, na katika latitudo yetu faharisi ya UV, yaani kipimo cha ukali wa mionzi ya jua inayounguza ngozi, hufika 11 na kuvuka, ngazi ya juu kabisa katika kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ndani daktari anakwambia usikae juani saa hizo. Nje hospitali imekukalisha juani saa hizo. Turubai moja tu la shughuli lingemaliza tatizo. Sifuri.

Halafu kuna ile skrini ya namba. Tarakimu nyekundu, ndogo, juu kabisa ya mlango. Ualbino hauishii kwenye ngozi. Macho yetu mengi yanacheza na hayaoni mbali, kwa hiyo kliniki nzima ilikuwa inaulizana, "Wameita ngapi?" Aliyetuokoa ni mlinzi wa getini, mzee wa Kimakonde mwenye sauti nene, aliyeacha kiti chake akawa anatangaza namba. Sijui kama analipwa kwa hilo. Alipwe.

Dirisha la malipo ni lile lile la kila mahali: unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, mfumo unazimika, unangoja. Siku ile wakala aliye nje ya geti hakuwa na floti, yaani salio la kwenye simu la kufanyia miamala. Mimi nikaona aibu kwa niaba ya kazi yangu. Nikatoa simu ya biashara, nikawalipia wenzangu waliokuwa mbele na nyuma yangu, wakanipa keshi. Nimekwenda kutibiwa nikarudi na kamisheni.

Bima sikuwa nayo. Niseme hili wazi kwa walio katika hali yangu: gharama haziji kwa mkupuo. Kuna ya kumwona daktari, kuna ya kipimo cha nyama, kuna ya upasuaji wenyewe, kisha kuna gozi (vile vitambaa vya kufungia kidonda), dawa na nauli, ambazo hakuna anayekutajia mwanzoni. Nilipoona sifiki, nesi alinielekeza ofisi ya ustawi wa jamii, humo humo hospitalini. Ofisa alinihoji kwa heshima, akaandika, nikaruhusiwa kulipa kwa awamu. Ofisi hiyo haina bango kubwa. Uliza.

Kipimo cha nyama ni jambo dogo. Ganzi, kipande kidogo kinakatwa, kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa, unashonwa uzi mmoja au miwili. Kazi iko kwenye majibu. Niliambiwa wiki mbili. Wiki mbili zikapita, nikapiga simu: bado. Nikapiga tena: aliyetakiwa kusaini hayupo. Muda ule kidonda kiliendelea kukua, nakiona. Hapa alama zao zinashuka sana, maana mtu anayengoja kuambiwa kama ana kansa au hana, mpigieni basi hata kumwambia hamjasahau.

Majibu yalipotoka, yalisema ni kansa ya seli bapa, zile za tabaka la juu la ngozi, ambayo madaktari huiita skwamasi. Kwa watu wenye ualbino katika nchi zetu hiyo ndiyo inayoongoza. Ile nyingine inayoogopwa sana Ulaya, melanoma, kwetu ni nadra. Daktari alinieleza kwamba hii huanza taratibu, na ikikatwa yote mapema watu hupona kabisa. Ikiachwa, hushuka chini, hula mfupa, husafiri kwenda kwenye tezi. Kwa kidonda cha mkononi, tezi hizo ni za kwenye kiwiko na kwapani. Akazipapasa palepale. Hazikuwa zimevimba.

Huyu daktari nataka nimzungumzie kidogo. Ni kijana, pengine angekuwa mdogo wangu wa mwisho, na kila nilipoingia alinipa shikamoo kabla ya kufungua faili. Kabla ya kusema lolote la kisu aliniuliza mambo matatu: mkono gani ninaoutumia, kazi yangu ni ipi, na nyumbani nina nani wa kunisaidia. Nilipomwambia ni wakala na mkono ni wa kulia, alinyamaza, akachukua kalamu ya zambarau, akachora duara kuzunguka kidonda. Kisha akachora duara la pili, pana zaidi, kama milimita sita nje ya lile la kwanza. Akasema kidonda ninachokiona si mwisho wa ugonjwa, una vijizizi visivyoonekana, ndiyo maana unakata na ngozi inayoonekana nzima pande zote na chini. Nikamwuliza, shimo hilo litashonwaje? Akanifinya ngozi ya nyuma ya kiganja kunionyesha kwamba hakuna ziada ya kuvuta. Itabidi ichukuliwe ngozi ya paja ipandikizwe. Akaniambia pia kwamba pengine haitashika yote, na kwamba nisishtuke rangi yake siku ya kufungua. Yote aliyoyasema yalitokea vile vile. Kumi juu ya kumi, na ningekuwa na kumi na moja ningempa.

Siku ya upasuaji yenyewe haina mengi. Unavua pete na bangili, unaoshwa mkono kwa dawa ya kahawia, unafunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu. Wakamaliza mkono, wakahamia pajani: ganzi tena, kisha kisu kirefu kinachoparuza ngozi ya juu tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Hiyo ndiyo waliyoilaza juu ya shimo, wakaishona kuzunguka, wakaweka gozi yenye mafuta na juu yake sponji iliyofungwa kwa nyuzi zile zile ili iikandamize ngozi mpya isicheze. Mwisho banzi la plasta hadi karibu na kiwiko. Nilirudi nyumbani siku hiyo hiyo, kwa bajaji, mkono umening'inia kwenye khanga shingoni.

Kuna jambo ambalo laiti ningeambiwa kwa msisitizo zaidi: paja linauma kuliko mkono. Mkono umetulia ndani ya banzi, unapwita kidogo usiku, panadol inatosha. Paja ni mchubuko mpana, mbichi, kwenye joto la Dar, chini ya dera. Kila ukigeuka kitandani linashika shuka. Umeme ukikatika na feni ikasimama, jasho linaingia kwenye bandeji na linachoma. Na ile gozi ya pajani hairuhusiwi kubanduliwa. Inaachwa ikauke, ngozi ikiota chini yake inajiachia yenyewe, wiki mbili hivi. Mama mkwe alitaka kuiloweka na kuitoa ili "kidonda kipate hewa". Mume wangu ndiye aliyesimama mlangoni.

Karatasi ya maelekezo waliyonipa ilikuwa ya Kiingereza, herufi za ukubwa wa mchwa. Kwa macho yangu ilikuwa karatasi tupu. Nesi wa chumba cha vidonda alipoona naisogeza mpaka puani, akaichukua, akasema, "Mama, washa simu yako urekodi." Akaisoma yote kwa Kiswahili, taratibu: mkono ukae juu ya usawa wa moyo, ulalie mito miwili, usilowe, usinyanyue ndoo, usiiname juu ya jiko, ukiona usaha, harufu kali, homa au wekundu unaopanda mkononi rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe. Ile sauti niliisikiliza kila usiku. Kama kuna mtu wa uongozi anasoma hapa: mpeni huyo nesi kipaza sauti na saa moja, arekodi maelekezo ya kila upasuaji, muwatumie wagonjwa kwenye simu. Haigharimu kitu.

Maisha ya mkono mmoja ni mtihani wake. Kula kwa kushoto kulinishinda moyoni kuliko mkononi. Nilitumia kijiko, na ugali siku hizo niliuacha, nikala wali na ndizi. Kuhusu udhu, mwalimu wa madrasa alinijibu kwa ufupi: osha palipo wazi, na penye banzi pangusa juu yake kwa mkono uliolowa. Wifi yangu alihamia kwetu kupika. Kibandani alikaa mdogo wangu wa kiume, akachanganya floti na keshi, lakini hayo ni ya kifamilia.

Siku ya kufungua sponji niliogopa kuliko siku ya kisu. Nesi aliloweka kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, akangoja, akaongea habari nyingine, kisha akabandua polepole. Harufu ilikuwepo. Rangi ilikuwa zambarau iliyokolea, na kwenye ngozi yangu mimi zambarau inaonekana kweli. Akabonyeza kwa ncha ya kidole chenye glovu, pakapauka, rangi ikarudi. "Imeshika, mama. Damu inapita." Pembe moja, upande wa kidole gumba, iligeuka nyeusi, na baadaye ikadondoka. Chini yake pakajifunga penyewe kwa Vaseline na gozi.

Kwa sababu ya nauli nilijaribu kubadilisha bandeji kwenye zahanati moja karibu na nyumbani. Mhudumu aliivuta kavu kavu, kwa haraka, na ukingo wa ngozi mpya ukainuka nao. Nilirudi kwa nesi wangu siku iliyofuata hata kama ilinibidi kupanda daladala mbili. Ukipandikizwa ngozi, tafadhali usimruhusu mtu kuvuta gozi iliyokauka. Mwambie aloweke. Kama hataki, funga mkono wako uondoke.

Kile kipande chote kilichokatwa kilipelekwa tena maabara, na hili ndilo swali ambalo kila mgonjwa alipaswa kuuliza kabla hajasaini: nyama yangu itapimwa? Bila kipimo hicho hakuna ajuaye kama ugonjwa umeisha au umebaki. Majibu yangu, baada ya simu zangu nyingi tena, yalisema kingo safi pande zote na chini. Nikaomba nakala. Karani alisema hubaki kwenye faili. Nikasema nitangoja. Nikangoja, nikapewa. Jirani yangu wa benchi hakuwa na bahati hiyo. Ukingo wake mmoja haukuwa safi, akakatwa mara ya pili, na baadaye akapewa rufaa kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road kwa tiba ya mionzi. Yeye alikuwa amekaa na kidonda chake tangu mtoto wake wa sasa darasa la tatu hajazaliwa.

Banzi lilipotoka, vidole vilikuwa vimekakamaa kabisa. Mtu wa mazoezi ya viungo alinipa sponji ya kufinya na akaniambia nikunje ngumi kila saa. Ngumi ilinichosha. Nikatafuta vocha za kukwangua za zamani, nilikuwa na mafungu kwenye droo, nikawa nazihesabu kwa mkono wa kulia mbele ya televisheni. Vidole vilirudi kwa njia hiyo. Leo nahesabu fungu la elfu kumi bila kuangalia, japo kasi haijawa ile ya zamani. Mahali penyewe pamebonyea kidogo, panang'aa, na katikati hapana hisia. Nikigusa najua kwa macho tu kwamba nimegusa.

Katika ukaguzi uliofuata daktari aliona magamba mengine madogo kwenye mkono wa mbele na shingoni, yale ambayo hayajawa kansa lakini njia ni hiyo. Aliyapulizia naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inachoma, inatoa lengelenge, inakauka, inabanduka. Dakika chache na unakwenda kazini. Ukiniuliza, huduma bora kuliko zote hospitalini pale ni hiyo, na ndiyo isiyotangazwa. Kigamba kabla hakijawa kidonda hakihitaji ngozi ya paja la mtu. Naambiwa nirudi kila baada ya miezi mitatu, maana kansa hii ikirudi, mara nyingi hujionyesha ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kila ninapokwenda ananipapasa kwapani.

Losheni nayotumia ni Kilisun, inayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1992. Ilitungwa kwa ajili yetu na hutolewa bure kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki, kwa hiyo uliza siku ya kliniki kabla hujamaliza pesa dukani. Napaka kila baada ya saa mbili, na mkono wa kulia kila nikitoka kunawa. Nimeligeuza dirisha pia. Fundi alitoboa upande wa kusini, akaweka kibati juu yake, na wateja walilalamika wiki ya kwanza wakazoea.

Na glovu. Nazinunua Kariakoo, zile nyembamba za pamba wanazovaa akina mama wa baibui, kisha nakata ncha za kidole gumba na cha shahada ili nihesabu noti. Za nailoni ziache, mkono unaloa jasho na noti zinashikana. Nunua za rangi iliyokolea, nyeupe zinachafuka kabla ya saa sita.